Mkono Usiojua Kushiba

1

Siku ile Atuganile aliugombeza mkono wake mbele ya darasa zima.

"Subiri!" aliuambia. "Nimesema subiri, mbona una pupa hivyo?"

Mkono ukasubiri. Kijiko kilichojaa uji wa ulezi kikaning'inia katikati ya bakuli na kinywa, kimetulia tuli, na msichana huyo wa miaka tisa akageuka kumalizia umbea aliokuwa akimpa jirani yake. Alipomaliza akafungua kinywa kwa maringo, na kijiko kikaja.

Tusajigwe Mwambene alikuwa amejibanza kwenye kidawati cha nyuma, magoti yakikaribia kumgusa kidevu, na alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa wilaya, kazi ambayo hata mama yake mzazi hakuwahi kuielewa. Kanisani aliwaambia watu kwamba binti yake anafundisha watu wazima kufunga vifungo. Si uongo. Mtu akipigwa na kiharusi, au akizaliwa na mwili usiotii, kuna wa kumpa dawa na kuna wa kumnyoosha viungo. Tusajigwe alikuja na swali: unataka kufanya nini? Kumenya ndizi? Kuandika jina lako? Kujisafisha chooni bila kumwita mkweo? Basi wanaanzia hapo. Asubuhi alikuwa wodini, mchana shuleni au kiwandani kwenye mashine za chai, jioni nyumbani kwa mtu akipima mlango kama kiti cha magurudumu kitapita.

Mkono wa kulia wa Atuganile ulikuwa umevishwa mfuko mwembamba wa kijivu, kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole. Kampuni iliyoutengeneza iliuita Mkono Mwema. Watu wa Tukuyu waliuita soksi, na jina likaganda. Ndani ya soksi mlikuwa na sikio, yaani nyuzi laini kuliko nywele, zilizosikiliza ule mtetemo mdogo unaopita mwilini mtu anapotaka kufanya jambo, hata kama msuli wenyewe umegoma. Sikio likisikia nia, soksi iliita mwendo kutoka ghala la kampuni: namna ya kushika, kuchota, kuinua na kupeleka, iliyonakiliwa kutoka kwenye mkono wa mtu mzima. Sikio likisikia "acha", mwendo ulikoma hapo hapo.

Mwendo wa kijiko ulikuwa wa Tusajigwe. Zamani kidogo kampuni ilikuja hospitalini ikamfunga nyuzi mkononi akiwa analisha wagonjwa wake, ikaondoka na mkono wake ndani ya kisanduku. Nyuzi hazichagui. Zilichukua na tabia yake mbaya ya kugonga kijiko mara mbili kwenye ukingo wa bakuli kabla ya kukiinua, ti-ti, ili kisidondoshe. Utotoni alifinywa sana kwa kelele hiyo.

Ti-ti, kijiko cha Atuganile kikagonga.

"Madam, mama anasema nikiolewa nitarudishwa kwa hii kelele yako."

"Mwambie mama nami niliambiwa hivyo hivyo, na mume ninaye."

"Hamsemeshani mkila?"

"Yeye anakula sebuleni."

Darasa likaangua kicheko. Tusajigwe akasogeza dawati, akaukagua mfuko kwenye kwapa kama unachubua. Haukuchubua. "Na kabla ya soksi ulikuwa unakulaje?" aliuliza, kwa kuwa swali hilo lilikuwa sehemu ya kazi.

Atuganile akakunja uso mzima, pua hadi paji. "Nalishwa. Mwalimu Sekela alikuwa na haraka, ananiwekea kingine sijameza cha kwanza. Ukitaka kusema basi, mdomo umejaa." Akatoa ulimi. "Kinyaa!"

2

Nyumba ya Pumziko ilikaa juu ya kilima, katikati ya mashamba ya chai, imepakwa rangi ya maziwa. Bi Hosiana Sanga, msimamizi wake, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu, Madam. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kila mwaka ilikuwa lazima mtaalamu kama Tusajigwe aje aone kama wazee wanajitegemea, kisha atie kiganja chake kwenye kioo cha ukutani. Bila kiganja hicho nyumba ingefungwa. Mwaka uliotangulia alikuja mwenzake, ambaye sasa amehamia mjini, na kabla ya hapo hapakuwa na soksi. Ukutani paliandikwa kwa taa za kijani: KULA WENYEWE, ASILIMIA MIA.

"Wote?" Tusajigwe aliuliza.

"Wote, kwa neema ya Mungu. Zamani nilikuwa na wahudumu wanane wanalisha, na bado wengine walikula chakula kimepoa. Sasa ukumbi mzima ninaye Gwakisa peke yake." Bi Hosiana alilisema hilo kwa furaha ya kweli. Hakuwa na sura ya mtu mwovu. Alikuwa na sura ya mtu aliyelala vizuri usiku.

Sauti ilimfikia Tusajigwe kabla ya kuona chochote. Ti-ti. Ilitoka nyuma ya milango miwili, nzito, kama watu wengi wakigonga mlango mmoja. Kimya kidogo. Ti-ti tena. Aliijua sauti ile kama anavyokijua kikohozi chake.

Milango ikafunguliwa.

Wazee thelathini hivi walikaa kwenye meza ndefu, na kila mkono wa kulia ulikuwa wa kijivu. Mikono yote ikashuka pamoja. Ikachota pamoja, ikagonga, ikapanda. Vinywa vikapokea. Ndani ya bakuli mlikuwa na rojo la kijani: ndizi, maharage, mboga na vidonge vya asubuhi vimesagwa pamoja, kwa kuwa soksi ilijua kijiko tu, haikujua kumega wala kutafuna mfupa. Harufu yake ilikuwa ya majani yaliyolowa siku nyingi. Bibi mmoja alikuwa amelala fofofo, kichwa kimeegemea kiti, na kijiko chake kilikuwa kikigonga midomo iliyofumba, kinapaka, kinarudi kuchota, kinakuja kupaka tena. Rojo lilimtiririka kwenye mikunjo ya shingo, la jana likiwa limekauka chini ya la leo. Kijana Gwakisa alipita nyuma yao na kitambaa, akawapangusa videvu mmoja baada ya mwingine. Kitambaa kilikuwa kimoja.

"Unaona?" Bi Hosiana alinong'ona. "Hakuna anayeguswa. Wanajilisha wenyewe."

Kwenye kona ya meza ya pili alikaa Mzee Ambakisye Mwaisaka, na Tusajigwe alimjua. Fundi seremala, aliyetengeneza nusu ya madawati ya wilaya na majeneza mengi zaidi ya hayo. Kiharusi kilimpokonya maneno yote, na mkono wa kulia kikaubakishia nguvu kidogo tu. Wodini, Tusajigwe alihangaika naye wiki hata wiki akitafuta kazi moja ambayo ule mkono bado unaikumbuka. Randa haikukubali. Penseli haikukubali. Kisha siku moja wajukuu walikuja na mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama, wakamlisha, na alipofika karibu na mwisho mkono ukanyanyuka wenyewe, ukatetemeka, ukaisukuma sahani mbele. Wajukuu wakairukia kama kunguru. Mzee wa huku hamalizi sahani. Anabakiza tonge au mawili, anawasukumia watoto, na wao wanajua wamebarikiwa. Mzee anayekomba sahani anasemwa mtaa mzima. Basi ile ndiyo sentensi aliyobakiwa nayo Mzee Ambakisye, na ilisema yote: nimeshiba, kuleni, Mungu awakuze. Tusajigwe alilia siku ile wodini, na hakuona aibu.

Sasa mzee alikuwa amemwona. Macho yakamganda usoni. Akageuza uso kushoto, kijiko kikamfuata kushoto. Akageuza kulia, kikaja. Akakohoa kikohozi chenye maji, rojo likamtokea puani, na kabla kikohozi hakijaisha mkono wake ulikuwa bakulini. Ti-ti.

"Zima!" Tusajigwe alisema.

"Zinazimika zenyewe chakula kikiisha."

"Anapaliwa!"

"Wazee wanakohoa, Madam."

Tusajigwe akaruka kiti, akaudaka ule mkono wa kijivu kwa mikono miwili. Mkono ukavuta. Haukuvuta kwa hasira, ulivuta kwa upole na uvumilivu, kama mlezi anayembembeleza mtoto mkaidi, na Tusajigwe akautambua upole ule. Ulikuwa wake. Alikuwa anashindana nguvu na mkono wake mwenyewe, naye akashindwa. Kijiko kikaingia kinywani mwa mzee.

Hospitalini, mgonjwa akigeuza uso, Tusajigwe alikuwa akisimama. Aliangalia koo kama limemeza, aliangalia macho. Hayo nyuzi hazikuyachukua. Zilifungwa mkononi tu.

"Sikio liko wapi?" aliuliza. "Soksi ina sikio. Mbona halimsikii?"

"Tumelifunga."

"Nani kafunga?"

"Kampuni, kwa ombi letu, na kibali kipo." Bi Hosiana alishusha pumzi, kama mwalimu anayerudia somo. "Madam, sikio ni zuri kwa watoto. Mzee anataka, hataki, anasahau, anasinzia. Kijiko kimoja kinachukua dakika tano. Mchana unafika hawajamaliza uji wa asubuhi. Walikuwa wanakonda! Sasa wananenepa, wapime ukitaka. Tunawapa bakuli mbili, na zote zinaisha." Akamwonyesha bakuli la Mzee Ambakisye, ambalo kijiko kilikuwa kinalikwangua hadi likang'aa. "Angalia. Hata tone."

Mzee alifumba macho. Gwakisa akaja na sufuria, akamjazia la pili.

3

Mwalimu wake wa chuo, marehemu sasa, alikuwa na amri moja ambayo wanafunzi waliitania sana: usimvishe mgonjwa kitu ambacho wewe hujakivaa. Walivaa viatu vya chuma, walipanda ngazi na magongo, walishinda kutwa kwenye viti vya magurudumu wakigombana na milango ya vyoo. Soksi Tusajigwe alishaivaa pia, siku ya kwanza ilipofika wilayani, ila ile ilikuwa na sikio.

"Nipe moja," alimwambia Gwakisa. "Na bakuli."

"Madam, hakuna haja..." Bi Hosiana alianza.

"Nitatiaje kiganja kwa kitu nisichokijua?"

Akakaa kando ya Mzee Ambakisye. Soksi ikambana mkono mpaka begani, ya baridi, imelowa jasho la mtu mwingine. Bakuli likawekwa. Mkono wake ukaondoka.

Kijiko cha kwanza kilikuwa chakula kibaya tu. Cha pili kikaja kabla hajalimeza fundo la kwanza, la uvuguvugu, lenye nyuzi za mboga na uchungu wa dawa. Akataka kusema "ngoja". Mdomo ulikuwa umejaa. Cha tatu kikagonga meno, yakafumba, kijiko kikatulia hapo hapo kikisukuma polepole mpaka ufizi ukauma na meno yakaachia. Akageuza uso. Kikamfuata. Aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akautazama ukimkaidi, vidole vile vile vilivyolisha wagonjwa wake, sasa chini ya kitambaa cha kijivu, vikija na rojo kwa huruma, kwa utaratibu, ti-ti, ti-ti. Rojo likaingia njia isiyo yake. Akakohoa, machozi yakamtoka, na akiwa bado anatafuta pumzi kijiko kingine kikawa mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakujua kuna siku kitakulisha.

Akaangusha bakuli kwa goti. Likamwagika sakafuni, soksi ikaona chombo hakuna, ikalegea. Tusajigwe alikimbia hadi kwenye karo la mlango wa jikoni akatapika, akatapika tena, akabaki ameinama akitema nyuzi za kijani.

Gwakisa alimletea maji. "Pole, Madam," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hapa sili chakula cha mchana. Tangu nianze kazi."

Tusajigwe alimtazama. Alitamani kumzaba kofi, na alitamani kumshika mkono. "Bibi aliyelala. Huwa analala hivyo kila siku?"

"Hajalala, Madam. Anafumba macho asione."

Tusajigwe akarudi ukumbini, akaweka sikio lake mgongoni kwa Mzee Ambakisye. Upande wa chini wa pafu la kulia ulikuwa unachemka kama chungu. Chakula kilikuwa kimeshaanza kuingia huko, siku nyingi. Alijua mwisho wake. Aliwahi kuuona wodini kwa wazee wenye nguvu kuliko huyu.

4

Bi Hosiana alikuwa amesimama mbele ya kioo cha ukutani, mikono imekunjwa. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Sema unachotaka tumalize."

"Fungua sikio."

"Ufunguo ni wa kampuni. Nitaandika barua, watajibu mvua zikiisha. Nawe usipotia kiganja nyumba inafungwa, na hawa unawapeleka wapi? Kwako? Watoto wao wamewakataa, Madam. Mimi ndiye niliyewapokea. Leo utavua soksi, kesho mchana utakuwa shuleni kwako, nami nitakuwa hapa na Gwakisa na vinywa thelathini."

Kilichomchukiza Tusajigwe zaidi ni kwamba hakuna neno la uongo hapo. Angeweza kumvua Mzee Ambakisye sasa hivi, na kesho avishwe. Na nyumba za namna hii hazikuwa moja. Kila mkoa ulikuwa na kilima chake na rangi yake ya maziwa, na ndani mkono wake, unasukuma.

Njia ilikuwepo moja. Sheria ilimpa mtu aliyeazimisha mwendo haki ya kuufuta, popote alipo, kwa kiganja chake na sauti yake. Ufutwe, na kila soksi nchini itaitisha kijiko na kukuta ghala tupu. Lakini kila soksi ni kila soksi. Atuganile bila shaka alikuwa sasa hivi anakula chakula cha mchana, anaugombeza mkono wake mbele ya wenzake. Kampuni ingetafuta mkono mwingine, ndiyo. Ingeunakili, ingeupima, na hayo ni miezi. Mpaka hapo mtoto angerudi kwa Mwalimu Sekela na haraka zake.

Akaweka kiganja kwenye kioo. Bi Hosiana akashusha pumzi akidhani mambo yamekwisha.

"Tusajigwe Mwambene," alikiambia kioo. "Nafuta mwendo wangu wa kijiko."

Kioo kikajibu kwa sauti tamu ya kike kwamba mwendo huo unatumiwa na watu wengi wakati huu, wakiwemo watoto, na je, ana hakika?

"Madam!" Bi Hosiana alimshika bega. "Umesikia? Watoto! Hao nao wamekukosea nini?"

Aliuona uso wa Atuganile, pua imekunjwa, ulimi nje. Kinyaa. Hakupata jibu ambalo angeweza kumpa mtoto yule akaridhika nalo. Nyuma yake mikono thelathini ikagonga vijiko, na mmoja ulikuwa wa mtu aliyekuwa anazama mezani, mchana kweupe, kwa kulishwa.

"Nina hakika," akasema. "Futa."

Vijiko vilianguka pamoja. Vingine bakulini, vingine mapajani, kimoja kikabingiria sakafuni mpaka kikagonga ukuta. Kisha pakawa kimya, na katika kimya hicho bibi aliyefumba macho akafumbua jicho moja.

"Sitatia kiganja kingine," Tusajigwe alimwambia Bi Hosiana. "Ukitaka kunishitaki, nishitaki. Kesho nitakuja na wanafunzi wangu wa hospitali tulishe, mpaka tupate la kufanya."

"Na keshokutwa?" Bi Hosiana aliuliza. Akakaa kwenye kiti kama mtu aliyefiwa.

Tusajigwe alisharudi mezani. Alipiga magoti kando ya Mzee Ambakisye, akamvua soksi taratibu kuanzia begani. Ngozi ya ndani ilitoka nyeupe, imejikunja kama ya mtu aliyeshinda mtoni, na ilinuka. Mkono ukalala mezani karibu na bakuli la pili, ambalo lilikuwa limefika nusu. Hakuugusa. Alingoja kama alivyongoja wodini, akiyaangalia macho yake.

Kidole cha kati kikacheza. Halafu vingine. Mkono ukajikokota, ukasimama, ukajikokota tena, mpaka ukingo wa kiganja ukagusa bakuli. Mzee alifunga taya, mshipa ukamsimama shingoni. Bakuli likasogea upana wa kidole. Likasogea tena.

Tusajigwe alifungua kinywa aseme vizuri sana, hongera, maneno ya kazi yake. Kisha akaona bakuli linakuja upande gani. Mzee hakulisukuma mbali. Alilisukuma kwake, naye alikuwa akimtazama yeye, akisubiri, kama wazee wanavyowasubiri watoto.

Rojo lilikuwa limepoa, limeshika utando juu, na pembeni lilikuwa na mate. Simu ikaanza kulia mfukoni mwake, na bila kuitoa alijua ni Mwalimu Sekela, na alijua nyuma ya Mwalimu Sekela nani analia.

Akakunja vidole vitatu, akachota kwa mkono wake.

"Ndaga fijo, Mzee wangu," akashukuru, akala. Mzee Ambakisye hakuondoa macho mpaka alipomwona amemeza. Simu iliendelea kulia.